Nilivyoitia tumbo randa yangu kwa kutaka kuinyoosha

Randa yangu ilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Naisukuma juu ya ubao, haikati kitu. Nashusha kisu kidogo, bado haikati. Nashusha tena kidogo tu, mara inakamata kwa kishindo na kunyofoa kipande kinene, ubao unabaki na kovu. Yale maranda membamba unayoweza kuona mwanga kupitia kwake, ambayo kila fundi huyapenda kuyaona yakijikunja mdomoni mwa randa, pale kisu kinapotokeza, kwangu yalikuwa hadithi.

Ni randa ya chuma, namba 5, urefu wa milimita 355, ya muundo ule wa Bailey ambao haujabadilika sana tangu kampuni ya Stanley iliponunua hataza (haki za ubunifu) za Leonard Bailey mwaka 1869. Niliipata ikiwa imeshatumika na wengine, ina kutu ya juujuu na mpini wenye ufa. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: soli, yaani uso wa chini wa randa unaoteleza juu ya ubao. "Soli yake imepinda hiyo, isugue kwenye msasa mpaka inyooke." Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Ila hakuna aliyeniambia kwamba msasa una akili zake, na kwamba mtu anaweza kusugua siku nzima kwa bidii na kuiacha soli ikiwa mbaya kuliko alivyoikuta. Hicho ndicho nilichokifanya, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nianze na kosa lililotangulia msasa. Nilirukia soli kabla ya kukagua mambo rahisi. Kisu nilikuwa nimekinoa upande wa mshazari tu, mgongo nimeuacha na madoa ya kutu, na makali hayawi makali kama moja ya nyuso mbili zinazokutana ina mashimo. Kile chuma cha pili kinacholala mgongoni mwa kisu hakikukaa vizuri. Palikuwa na mwanya, maranda yakawa yanaingia na kujikwamia humo. Na skrubu mbili zinazoshika kiti cha kisu zilikuwa zimelegea. Nilipokuja kuyarekebisha hayo, nusu ya matatizo yaliisha kwa jioni moja. Nusu nyingine ilikuwa soli kweli. Lakini ningeanzia huko, ningeijua nusu ipi ni ipi.

Kupima soli kunahitaji rula ya chuma iliyonyooka na mwanga nyuma yake. Unageuza randa miguu juu, unasimamisha rula kwa ukingo wake juu ya soli, unaangalia kama mwanga unapenya. Jicho linauona hata upenyo mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo usishtuke sana. Karibu kila randa itakuonyesha mwanga mahali fulani. Ili nijue ukubwa wa upenyo nilitumia fila geji, zile bati nyembamba zilizopangwa kama upepeo ambazo mafundi wa magari hupimia nafasi ya plagi. Kwangu, bati ya milimita 0.10 ilipita chini ya rula pale mbele ya mdomo bila kusukumwa. Nchani na kisiginoni, yaani mwisho wa mbele na wa nyuma wa soli, haikupita hata ya 0.04.

Maana yake soli ilikuwa na bonde, na mdomo ulikuwa ndani ya bonde hilo. Fikiria randa inayokaa juu ya ubao kwa ncha na kisigino, katikati ikining'inia. Maranda membamba mazuri yana unene wa kama milimita 0.05. Kisu changu kilipaswa kutokeza 0.10 ndipo kiuguse ubao tu, na kikishaugusa nikiongeza mkandamizo, soli inabonyea, kisu kinazama kwa mkupuo. Zaidi ya hapo, sehemu ya soli iliyo mbele ya mdomo ndiyo inayotakiwa kuzikandamiza nyuzi za mbao zisipasuke mbele ya makali. Yangu ilikuwa hewani, haikandamizi chochote. Nilipolielewa hilo nilifurahi kama mgonjwa aliyetajiwa ugonjwa wake. Furaha ikanitia haraka.

Mara ya kwanza nilibandika msasa juu ya ubao wa meza ya kazi. Niliona meza imenyooka, kwa nini nihangaike? Baada ya saa moja niliweka rula juu ya meza yenyewe na kukuta ina bonde ambalo hata kucha ingelihisi. Soli haiwezi kunyooka kuliko kitu unachoisugulia. Nikatafuta kioo. Kioo cha kisasa hutengenezwa kwa kuelea kikiwa kimeyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, na ndiyo maana uso wake unanyooka vizuri bila kusuguliwa. Lakini kioo chembamba kikiwekwa juu ya meza yenye bonde kinainama pamoja nayo. Tafuta cha milimita 10 au zaidi, kikalie kitu kilichonyooka, na kiwe kirefu; msasa uzidi urefu wa randa angalau kwa nusu yake. Changu kilikuwa kirefu kuliko randa kwa kiganja kimoja tu, na hilo lilikuja kunitesa.

Kosa la pili: nilitoa kisu, kiti na kila kitu, nikasugua bodi tupu. Ilikuwa nyepesi na rahisi kushika. Nilipoirudishia vyombo vyake na kukaza kile kibano kinachoshikilia kisu, soli ikabadilika chini ya rula. Chuma cha kusubu kinaonekana kigumu kama jiwe, lakini kibano kikikazwa kinaivuta bodi na kuikunja, kidogo sana, ila hicho kidogo ndicho tunachokipigania. Randa isuguliwe ikiwa imevaa kila kitu, kibano kimekazwa kama siku ya kazi, kisu kimerudishwa ndani. Na kimerudishwa kweli. Mimi nilikirudisha "kiasi". Mvuto wa tatu nikasikia sauti kama nguo inachanwa. Ncha ya kisu ilikuwa imechungulia, ikapasua msasa kutoka mwanzo hadi mwisho na makali yakapata mapengo. Nilikaa juu ya stuli nikakitazama kile kisu nilichokinoa jana yake. Sikusema kitu kwa muda.

Siku iliyofuata nilianza upya, safari hii nikiamini nimeshajua yote. Nilichora mistari ya maka peni soli nzima, ya kukatizana kama wavu, ili nione msasa unagusa wapi. Msasa namba 80, umebandikwa kwa gundi ya kupuliza. Mivuto ya kwanza ilifuta wino nchani na kisiginoni, sawasawa na rula ilivyosema. Nikachora tena, nikasugua tena. Vumbi jeusi lilijaa puani (vaa kitambaa au barakoa, chuma hakina faida mapafuni) na ngozi ya vidole viwili ikatoka kwa kugusana na msasa. Nilitumia sumaku niliyoifunga kwenye mfuko wa plastiki kukusanya chenga: unaipitisha juu ya msasa, chenga zinarukia mfuko, unaugeuza mfuko ndani nje na zinadondoka zote. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya kwa akili siku ile.

Baada ya kama saa tatu wino ulifutika kila mahali. Kila mahali! Nikaweka rula, nikaona mwanga haupenyi katikati. Niliifuta randa, nikaipaka mafuta, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Asubuhi niliijaribu kwenye ukingo wa ubao mrefu. Mwanzo wa ubao haikati, katikati inakata vizuri, mwisho inadidimia na kula mbao kupita kiasi. Nikiikandamiza mbele, kisigino kinanyanyuka. Nikiikandamiza nyuma, ncha inaelea. Ilikuwa inabembea. Nilirudi kwenye rula, na sasa mwanga ulipenya nchani na kisiginoni, katikati giza. Nilikuwa nimeliondoa bonde na kuweka tumbo mahali pake. Jana sikuuona mwanga huo kwa sababu nilitazama katikati peke yake. Nilikuwa nikilitafuta bonde, na kweli halikuwapo.

Nitasema wazi, bonde ni afadhali. Randa yenye bonde dogo inakaa imara juu ya ubao na inakata kwa tabu. Randa yenye tumbo haina msimamo. Kila mkandamizo wa mkono unaigeuza, na hakuna ukingo itakaounyoosha. Nilihisi kuitupa.

Niliipeleka kwa fundi mzee niliyejifunza kazi kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza. Hakuuliza rula. Aliiweka randa juu ya kioo chake, akasukuma kisigino upande kwa kidole kimoja, taratibu. Randa ikazunguka papo hapo katikati yake kama pia. Kisha akachukua ya kwake, akaisukuma vilevile: ile ilijizungusha kutokea karibu na ncha ya upande wa pili, kwa uzito, kama mlango kwenye bawaba. "Yako imesimama kwa kitovu," akasema. Tangu siku ile ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla ya rula. Hakihitaji mwanga wala miwani.

Akaniuliza nilivyosugua. Nilipomwonyesha, alicheka mpaka akashika kiuno. Nilikuwa nashika kifundo cha mbele na mpini wa nyuma kama mtu anayepiga randa mbao. Nikisukuma, uzito wangu unaingia mbele na kuila ncha; nikivuta, unaingia nyuma na kukila kisigino. Kioo kilikuwa kifupi, kwa hiyo mwisho wa kila mvuto ncha ilitoka nje ya msasa na bodi ikaning'inia. Na msasa wenyewe una ulaini: karatasi, gundi, chenga zilizolegea. Mbele ya ukingo wa chuma unajiinua kidogo, kama zulia mbele ya mguu wa kabati linalosukumwa, na hapo unakula ukingo zaidi ya katikati. Ukiyajumlisha yote, kila mvuto unapunguza miisho kuliko tumbo. Kadiri unavyosugua ndivyo tumbo linavyokua. Kusugua zaidi hakukuwa dawa; kulikuwa ndio ugonjwa.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kisa changu kilikuwa na umri mkubwa. Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza, aliwahutubia wenzake mwaka 1840 kuhusu nyuso bapa za chuma, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba kusugua chuma kwa unga wa kusagia hakuaminiki, kwa sababu huuelekezi unga ule mahali unapotaka. Yeye alitaka sehemu zilizoinuka zikwanguliwe moja moja kwa mkono. Ningelijua hilo mapema ningebakiwa na ngozi ya vidole.

Dawa ya Mzee ilifanana na hiyo, na mwanzoni ilinitia wasiwasi: lile bonde nililolihangaikia siku mbili, nilirudishe kwa makusudi. Alinipa kipande cha ubao mgumu, urefu wa kama sentimita 10, chembamba kuliko soli, chini yake umebandikwa msasa namba 80. Randa iligeuzwa miguu juu na kubanwa kwenye jiliwa, kwa wepesi, isije ikakunjwa na jiliwa lenyewe. Nikaambiwa nisugue katikati tu. Sentimita tatu za nchani na tatu za kisiginoni nisiziguse hata kwa bahati mbaya. Niliziwekea utepe wa gundi kujikumbusha. Nilisugua mivuto kama hamsini, nikaondoa utepe, nikapima, nikarudia. Mara ya nne, ile bati ya 0.04 ya fila geji ikaanza kuingia chini ya rula katikati ya soli. Niliirudisha randa juu ya kioo, nikaisukuma kisigino kwa kidole. Haikuzunguka kama pia tena.

Hapo ndipo unaporudi kwenye kioo, na unarudi kwa adabu. Mivuto kumi, kumi na tano, basi. Unageuza, unatazama wino. Mikono inashika bodi chini kabisa, pembeni, karibu na mdomo, si kifundo wala mpini, na huikandamizi. Uzito wa randa wenyewe unatosha. Mvuto ni mfupi, soli yote inabaki juu ya msasa kila wakati. Kila baada ya raundi chache unaigeuza ncha iwe nyuma, ili kasoro ya mkono isirundikane upande mmoja. Msasa ukianza kuteleza badala ya kukata, ubadilishe. Nilikuwa nauonea huruma msasa uliochakaa, nikawa nausaidia kwa nguvu za mabega, na nguvu za mabega ndizo zinazopindisha. Jumla nilimaliza karatasi kumi na moja, na saba kati ya hizo zilikwenda kwenye makosa.

Jambo jingine alilonionya ni joto. Kusugua kunaipasha soli wakati mgongo wa bodi bado baridi, na chuma chenye joto upande mmoja hujikunja. Ukipima hapohapo unapima kitu ambacho kesho hakitakuwepo. Iache ipoe kabisa, nenda kafanye kazi nyingine, ndipo ushike rula. Nilipokumbuka kwamba ile siku ya saa tatu nilipima randa ikiwa na joto la kuhisika viganjani, nilielewa kwamba hata kipimo kile cha usiku hakikuwa cha kuaminika.

Na usitake soli nzima ing'ae. Sehemu zinazofanya kazi ni ukanda wa nchani, ukanda ulio mbele ya mdomo pamoja na pembe zake mbili, na ukanda wa kisiginoni. Hizo zikiwa kwenye usawa mmoja, randa itakata. Wino ukibaki kwenye vibonde vya nyuma ya mdomo, uache. Kwangu nilisimama wakati bati ya 0.04 ilipokataa kuingia mbele ya mdomo, nikapitisha msasa namba 120, halafu 220, mivuto michache tu kila mmoja. Wengine hupanda mpaka soli iwe kioo cha kujinyolea ndevu. Mimi sioni faida. Baada ya mbao chache inachubuka tena. Kingo kali zilizobaki pembezoni nilizivunja kwa tupa, kidogo, zisiukwaruze ubao randa inapoinama. Pembe kati ya soli na ubavu sikuigusa, kwa sababu siilazi randa yangu ubavu kukatia vichwa vya mbao. Anayefanya hivyo aipime kwa skwea.

Kwa randa ya kukwangua mbao mbichi kwa pupa, ile unayotoa nayo maranda mazito, usihangaike na haya yote. Kazi hiyo haijui 0.10 wala 0.04.

Mwisho kabisa Mzee alichukua kipande cha mshumaa akachora mistari miwili mitatu ya nta juu ya soli, akanipa randa na ubao. Ile nta ndiyo iliyonishangaza kuliko msasa wote. Randa iliteleza kwa nusu ya nguvu niliyozoea. Nikatafakari ni mara ngapi niliwahi kudhani soli imepinda kumbe imekauka tu.

Nilishusha kisu taratibu, kidogo kidogo, nikisukuma kila baada ya kushusha. Hakuna. Hakuna. Halafu vumbi jembamba mdomoni. Halafu uzi mmoja upande wa kushoto. Nikagusa kile kiwiko cha kunyooshea kisu, uzi ukapanuka mpaka ukajaza upana wote. Utepe wa maranda ulitoka mrefu kama ubao wenyewe, ukapanda juu ya kifundo na kuuangukia mkono wangu, nikaona vidole kupitia kwake.

"Sasa ongeza mengine," Mzee akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nyuma ya mdomo bado pana doa la wino wa bluu, ukubwa wa kidole gumba, ndani ya kibonde ambacho msasa haukukifikia. Nimelipaka mafuta mara nyingi na bado lipo.